Mizani ya Pamba

Nafundisha stadi za maendeleo kwa wanachuo wa mwaka wa kwanza katika chuo kimoja hapa Bariadi. Mwaka jana, muhula wa kwanza, tulifika kwenye mada ninayoipenda kuliko zote: biashara ya dunia. Ukiifundisha mada hiyo Simiyu, huhangaiki kutafuta mfano. Wanafunzi wangu wanatoka Meatu, Maswa, Itilima, Busega na vijiji vya hapa hapa Bariadi, na wengi wao ada yao imetoka kwenye pamba.

Nikawapa kisa cha Brazili. Mwaka 2002 Brazili iliishtaki Marekani kwenye Shirika la Biashara Duniani, ikidai kwamba ruzuku wanayopewa wakulima wa pamba wa Marekani inaangusha bei ya pamba kwa wengine wote. Mwaka 2003, kwenye mkutano wa Cancún, Meksiko, nchi nne za Afrika, yaani Benin, Burkina Faso, Chad na Mali, zikalalamikia jambo hilohilo. Brazili ilishinda kesi, lakini mvutano ukaendelea mpaka 2014, Marekani ilipokubali kuilipa dola milioni 300 ili yaishe. Zile nchi nne hazikuwamo kwenye makubaliano hayo.

Darasa likachemka. Kijana mmoja alisimama akasema Marekani ni mwizi, akapigiwa makofi. Mwingine akataka tuandike barua. Nami, kusema kweli, nilijisikia mwalimu hodari. Nikajiambia, hawa sasa wameamka.

Ndipo binti mmoja wa Itilima, ambaye tangu muhula uanze sikuwa nimesikia sauti yake, akanyoosha mkono. "Mwalimu, Marekani nimeelewa. Sasa ile mizani ya kijijini kwetu? Nyumbani tumepima kilo sitini, tukifika pale inasoma hamsini na nne. Hiyo nayo ni biashara ya dunia?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma: "Na yale maji na mchanga mnaotia kwenye pamba?" Darasa zima likaangua kicheko. Halafu kikakatika ghafla, maana kila mmoja alijua kinachosemwa. Dakika tano kabla tulikuwa wahanga watupu. Sasa tulikuwa na mizani ya uongo upande mmoja na pamba iliyomwagiwa maji upande wa pili, na wenye mambo hayo wote tunawajua kwa majina.

Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni historia, nikajisitiri nayo. Niliwaambia kwamba ushirika wa pamba huku Usukumani, kabla ya uhuru, ulikuzwa na malalamiko kama hayo hayo: wakulima walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Miongoni mwa waliowaongoza alikuwa Paul Bomani, na kufikia 1955 vyama vyao vilikuwa na muungano mkubwa uliojulikana kama Victoria Federation. Bomani huyo alikuja kuwa Waziri wa Fedha, na baadaye balozi wetu huko huko Marekani. Kwa hiyo, nikasema, mizani ya kijijini na meza za wakubwa wa dunia ni safari moja. Binti akaandika kwenye daftari. Sijui kama aliridhika. Mimi sikuridhika.

Wiki iliyofuata nikatoa kazi. Kwa sheria zetu, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na ndipo mapato na matumizi ya kijiji yanaposomwa. Nikawaambia: mkienda likizo, hudhurieni mkutano. Usipoitishwa, ulizeni ulifanyika lini mara ya mwisho, na hesabu zilisomwa lini. Andikeni kurasa mbili. Alama kumi na tano.

Kurasa zilirudi. Wengi waliandika kwamba mkutano haukuitishwa. Wachache walihudhuria wakanyamaza. Kijana mmoja wa Meatu aliuliza, kwa adabu, mbele ya watu. Aliandika vizuri kuliko wote, nikampa kumi na nne.

Nilichokuja kukijua baadaye hakikuwa kwenye zile kurasa. Kijana yule alikuwa na fomu ya kuomba mkopo wa masomo iliyohitaji saini na muhuri wa ofisi ya kijiji. Alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza muhuri haupo. Mara ya pili mhusika hayupo. Mara ya tatu mhusika alikuwepo, akamwambia, "Nenda kwa huyo mwalimu wako akusainie." Fomu ilisainiwa siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, baada ya baba yake kwenda mwenyewe kuomba radhi. Mzee wa watu, kaomba radhi kwa sababu mwanawe aliuliza swali lililoruhusiwa na sheria, swali nililolitunga mimi, nimekaa ofisini, kikombe cha chai mkononi.

Tangu siku hiyo nina swali moja ambalo halinitoki: ninayo haki gani ya kufundisha ujasiri ambao gharama yake analipa mwingine?

Mwenzangu mmoja wa idara aliposikia akacheka. "Ndugu yangu, fundisha silabasi. Wafundishe Marekani, Marekani haina muhuri." Ni maneno ya utani, lakini yana hoja ndani yake. Dhuluma ya mbali haidai chochote kwako. Unaweza kuilaani asubuhi, ukapigiwa makofi, mchana ukala ugali wako kwa amani. Dhuluma ya karibu ina ndugu, ina ofisi, ina kumbukumbu. Labda ndiyo maana tunapenda kufundisha ya dunia: yanatupa hisia ya haki bila kutuomba nauli.

Lakini ushauri wake siwezi kuufuata. Mwalimu anayenyamazia mizani hafundishi pungufu tu. Anafundisha jambo jingine kabisa, kwamba haki ni mada ya mtihani. Na vijana wanalishika hilo haraka kuliko lolote.

Wapenzi wa vitabu mtamkumbuka Karama wa *Kusadikika* ya Shaaban Robert, aliyeshtakiwa kwa sababu alitaka watu wafundishwe sheria. Nilipokisoma shuleni nilimwona Karama kama mimi wa kesho. Nimekirudia mwaka huu nikaona aibu. Karama alisimama kizimbani mwenyewe. Mimi kizimbani nilimpeleka mtoto wa mtu, nikabaki nasahihisha.

Na kulikuwa na jambo ambalo sijawahi kulisema. Kwenye vikao vyetu vya wafanyakazi tulikuwa tumekatwa mchango kwa miezi mingi bila kusomewa hesabu. Kila kikao nilikuwepo. Kila kikao nilitazama dari. Yaani nilimtuma kijana wa miaka ishirini akaulize kijijini swali ambalo mimi, mwenye ajira na digrii mbili, nimeshindwa kuliuliza kwenye chumba chenye watu ninaokunywa nao chai.

Kikao cha mwezi wa tatu nililiuliza. Sauti ilinitetemeka, sikutegemea. Sikujibiwa siku hiyo, niliambiwa litashughulikiwa. Tangu hapo watu wawili hawanisalimii vizuri. Ni kitu kidogo sana ukilinganisha na fomu ya mkopo, ila sasa walau najua swali linavyokauka mdomoni.

Kazi ile sijaifuta. Nimeibadilisha. Hakuna anayekwenda peke yake. Wanakwenda wawili au watatu, na barua yenye jina langu na saini yangu, ili mtu akitaka kukasirika ajue pa kuanzia. Wakulima wa enzi za akina Bomani hawakwenda kwenye mizani mmoja mmoja; hilo nalo lilikuwa kwenye historia niliyoisimulia, nikawa sijalisikia mwenyewe. Na asiyetaka kuuliza anaruhusiwa kuandika kwa nini hataki. Baadhi ya kurasa hizo ndizo bora kuliko zote.

Kijana wa Meatu nilimwomba radhi. Akaniambia, "Usijali, mwalimu. Ila baba amesema mwaka huu nisiende mkutanoni." Nikamwambia amsikilize baba yake. Mpaka leo sijajua kama nilimjibu kama mwalimu au kama mtu anayeogopa.