Je, Uongo wa Kwenye Fomu ni Uongo?

Swali tunalolileta safari hii huenda likaonekana dogo. Halihusu wizi wala ulevi, mambo ambayo kila mmoja wetu anajua jibu lake hata kama hatendi sawasawa. Linahusu karatasi. Mtu anaomba viza ya kwenda nchi ya watu kumwona mtoto wake. Akaandika katika fomu jambo lisilo kweli ili apewe ruhusa. Je, ametenda kosa? Na yule aliyemwandikia barua ya kumtetea, naye je?

Twauliza kwa sababu barua hiyo tuliiandika sisi.

Mwaka 2024 mama mmoja wa mtaa wetu, mjane wa miaka 61, alipata habari kwamba binti yake aliyeolewa Uingereza amejifungua. Alikuwa mjukuu wake wa tano, lakini wa kwanza kuzaliwa mbali na macho yake. Binti alimtaka mama aende akae naye miezi miwili. Basi mama akaenda steshenari, maana siku hizi fomu ya viza ya Uingereza hujazwa kwa mtandao, kisha mwombaji husafiri hadi kituo cha viza kupiga picha na kutoa alama za vidole. Fomu yenyewe ni ndefu. Huuliza kazi, mapato, matumizi ya kila mwezi, safari za nje za miaka kumi iliyopita, hata kama mwombaji amewahi kushiriki katika ugaidi. (Tumesahihisha mitihani maisha yetu yote, wala hatujaona swali ambalo jibu lake lajulikana namna hii kabla mtahiniwa hajaketi.)

Penye swali la kazi, kijana wa steshenari alisimama. Akamwambia, "Bibi, wasio na ajira hawapewi. Tafuta barua ya mwajiri."

Mama akaja kwetu jioni ile ile. "Shikamoo Mwalimu," akasema, ingawa kwa umri tumepishana kidogo tu. "Mkono wako unajulikana. Niandikie kwamba nafundisha chekechea."

Alikuwa hafundishi. Alikuwa akishona masweta ya watoto wa chekechea ile, akilipwa kwa kila sweta, fedha zikiwapo. Nasi tukaandika kwamba ni mwalimu msaidizi mwenye mshahara, kwamba amepewa likizo, na kwamba anatarajiwa kazini tarehe fulani. Tuliandika vizuri. Miaka mingi ya kuwafundisha walimu namna ya kutunga barua rasmi ilitusaidia kuandika uongo usio na kosa hata moja la sarufi.

Wahusika wakapiga simu chekechea. Mwalimu mkuu, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwonya, akajibu kama mtu mwaminifu ajibuvyo: huyu ni mshonaji wetu, ni mama mwema sana. Baada ya wiki chache jibu likaja. Viza imekataliwa kwa sababu ya udanganyifu, na maombi atakayoyaleta katika miaka 10 ijayo yatakataliwa pia. Ada ya pauni 115, ambayo wakati ule ilizidi shilingi laki tatu na nusu, haikurudishwa. Rufaa hakuna, kwa wanaokwenda kuwatembelea jamaa zao haki hiyo iliondolewa mwaka 2013. Miaka 10 ikiisha, mama atakuwa na miaka 71 na mjukuu atakuwa shuleni.

Tangu siku ile tumelizungusha jambo hili kichwani, na wenzetu wametupa faraja za namna mbalimbali. Faraja ya kwanza ni hii: kwamba kweli ni deni, na deni hulipwa kwa anayekudai kwa haki. Ofisa wa viza, wasema, amekwisha kukuhesabu mwongo kabla hujafungua mdomo. Kanuni yenyewe inamtaka mgeni amridhishe ofisa kwamba ataondoka muda wake ukiisha. Si ofisa anayepaswa kuonyesha kwamba utabaki. Ni wewe unayepaswa kuonyesha kwamba hutabaki. Sasa jambo ambalo halijatokea utalithibitishaje? Kwa mshahara, kwa nyumba, kwa fedha za benki. Maskini hana hivyo, basi umaskini wake umegeuzwa kuwa dalili ya nia mbaya.

Maneno haya yana uzito, wala hatutayapuuza. Mambo hayakuwa hivi tangu mwanzo. Kabla ya vita vya 1914 watu walivuka mipaka mingi ya Ulaya bila pasi, na hata mwaka 1920, mkutano wa Paris chini ya Shirikisho la Mataifa ulipopanga namna ya vitabu vya pasi, wengi walitumaini kwamba masharti yale yangeondolewa hali ikitulia. Hadi mwaka 1962 raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliingia Uingereza bila kizuizi cha uhamiaji. Sheria ya mwaka ule ndiyo iliyoanza kufunga mlango, miezi michache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake. Na wale waliokuja kututawala hawakuulizwa barua ya mwajiri pale bandarini.

Lakini hapa pana mtego. Kama kanuni haina haki, hiyo ni sababu ya kuilalamikia, kuwaandikia wabunge wao, kuwaambia wageni wao wanaotutembelea. Haiwi ruhusa ya kusema lolote litupendezalo. Nasi pia tuna mlango wetu. Mmarekani anayekuja kutazama tembo hulipa dola 100 za viza, na watu wa nchi nyingine nyingi dola 50. Akitudanganya kwamba ni mtalii, kumbe amekuja kufanya biashara bila kibali, hatusemi kwamba Tanzania haikustahili kuambiwa kweli.

Faraja ya pili ilitoka kwa rafiki yetu, mkufunzi mstaafu kama sisi, msomaji mkubwa wa historia. Alituambia, "Wako watu waliodanganya katika karatasi za viza, na leo dunia inawaheshimu." Akatukumbusha habari za Kaunas, katika nchi ya Lithuania, mwaka 1940. Wayahudi waliokimbia kutoka Poland walikuwa wamenaswa pale. Jan Zwartendijk, aliyekuwa akikaimu ukonseli wa Uholanzi, aliwaandikia katika karatasi zao kwamba kuingia kisiwa cha Curaçao hakuhitaji viza. Ilikuwa kweli nusu. Nusu aliyoiacha ni kwamba ruhusa ya gavana wa kule ilihitajika, nayo ilikuwa ngumu kupatikana. Kwa karatasi hizo Chiune Sugihara, konseli wa Japani, aliwapa viza za kupitia Japani, zaidi ya 2,000, kinyume cha maagizo ya wizara yake. Curaçao wakimbizi hao karibu wote hawakuifikia. Lakini waliishi.

Twajua kwamba Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, aliandika mwaka 1797 kwamba hata muuaji akikuuliza rafiki yako amejificha wapi, huna haki ya kumdanganya. Tulipokuwa chuoni tuliwasomesha wanafunzi wetu mawazo hayo, nao wakatutazama kana kwamba tumeugua. Leo twakiri kwamba wanafunzi walikuwa na hoja. Hatuwezi kumlaani Zwartendijk. Hata Wagibeoni, waliomwendea Yoshua na viatu vyenye viraka na mkate ulioota ukungu ili waonekane wametoka mbali, walifanya hivyo kwa kuogopa kuangamizwa. Na Yoshua, ijapokuwa alidanganywa, hakuwaua. Na mataifa yenyewe yalikubaliana katika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 kwamba aliyekimbia hatari ya maisha yake akaingia nchi bila kibali, asiadhibiwe kwa kuingia huko, mradi ajitokeze bila kukawia na kueleza sababu.

Sasa tupime. Mama yetu hakuwa akifukuzwa na mtu. Hakuna aliyemtafuta amuue. Alitaka kumbeba mjukuu. Ni haja ya haki kabisa, na moyo wa mtu yeyote aliyezaa waielewa, lakini si ile ya Kaunas. Tukilitumia jina la wale waliookoa maisha ili kufunika kila barua inayoandikwa steshenari, twawakosea wale waliokuwa hatarini kweli, maana ndio watakaoshindwa kuaminiwa siku yao itakapofika.

Hapa ndipo tulipoanza kuona kwamba tuliyemdanganya si ofisa peke yake. Ofisa hakupoteza kitu. Alifunga faili akaenda kunywa chai. Aliyelipa ni mama. Akalipa na mwalimu mkuu wa chekechea, ambaye hadi leo akikutana na mama njiani hajui aangalie wapi, kana kwamba kusema kweli kulikuwa usaliti. Akalipa na binti kule Uingereza. Na atakayekuja kesho na barua ya kweli kutoka chekechea ile ile, nani atamsadiki? Ibrahimu naye, alipoingia Misri kwa hofu akamwita Sara dada yake, mapigo hayakumwangukia yeye. Yaliiangukia nyumba ya Farao, aliyesadiki alichoambiwa.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo lililotusumbua kuliko yote. Hatukulifikiri siku ile. Tuliliona baadaye, tulipomtembelea mama nyumbani kwake kumwomba radhi. Tulimkuta ukumbini na wajukuu wanne anaowalea, mdogo wao amelala mapajani. Nyuma ya nyumba palikuwa na nusu eka ya mahindi na maharage iliyokaribia kuvunwa. Cherehani yake ilikuwa dirishani. Yeye ni mweka hazina wa akina mama wa kanisa, na daftari la michango lilikuwa juu ya kabati. Kaburi la mumewe liko hatua chache kutoka mlangoni. Tukajiuliza: mtu huyu, ni kitu gani kingemfanya abaki Uingereza? Kila kilichomfunga kwao kilikuwa mbele yetu, nasi hatukukiandika hata kimoja. Badala yake tulimbunia mshahara.

Kwa nini? Kwa sababu tuliona haya. Tulidhani kwamba shamba, wajukuu, cherehani na kaburi si sababu za kutosha mbele ya watu wakubwa, na kwamba mwanamke asiye na mwajiri hana cha kurudia. Yaani tulikuwa tumemhukumu mama kabla ofisa hajamhukumu. Twamlaumu ofisa kwa kudharau maskini, lakini dharau ya kwanza iliandikwa kwa mkono wetu, na tena kwa hati nzuri.

Wala haikuwa lazima. Baadaye tuliulizia, jambo tulilopaswa kulifanya mapema, tukaambiwa kwamba kanuni za Uingereza zinaruhusu mgeni atunzwe na kulipiwa safari na ndugu anayeishi kule kwa halali, mradi ionekane wanahusiana kweli na kwamba mwenyeji ana uwezo. Binti ana kazi. Taarifa zake za benki, vyeti vya kuzaliwa, barua yake ya mwaliko, na maelezo ya kweli ya maisha ya mama, vingeweza kupelekwa. Hata zile shilingi milioni mbili alizoazimwa na jirani ili zikae katika akaunti yake kwa wiki tatu hazikuwa na maana, maana maofisa huuliza fedha nyingi zilizoingia ghafla zimetoka wapi. Jirani aliyeazima alifanya kwa wema. Lakini fedha inayowekwa ili ionekane, kisha iondoke, inasema jambo lisilo kweli hata kama kila tarakimu yake ni sahihi.

Je, kwa kweli hiyo mama angepewa viza? Hatuwezi kuapa. Wako waliosema kweli tupu wakakataliwa, na twawajua wengine hapa hapa parokiani. Anayewahubiria watu kwamba kweli itawafungulia kila mlango hajapanga foleni. Tofauti ni kwamba aliyekataliwa kwa kweli yake aweza kuomba tena, akiwa na fedha ya ada. Mama yetu amefungiwa hadi 2034.

Yeye hakutukasirikia. Alisema tu, "Mwalimu, ulitaka kunisaidia." Afadhali angefoka. Sasa humwona mtoto kwenye simu kila Jumapili baada ya ibada, na mtoto ameanza kumwita bibi kwa lafudhi ya kule.

Mwezi uliopita alikuja kijana mmoja, fundi seremala, amealikwa harusi ya kaka yake huko huko Uingereza. Alitaka barua isemayo kwamba ameajiriwa na kiwanda cha samani. Tukamwambia aketi, tukamwuliza maisha yake. Tukaandika kwamba ana kibanda cha useremala na wanagenzi wawili, kwamba mapato yake hupanda na kushuka kwa kadiri ya wateja, kwamba ana mke mjamzito na mama mgonjwa anayemtegemea, na kwamba tumemjua tangu akiwa mtoto. Tukatia sahihi na namba yetu ya simu. Aliisoma mara mbili, akasema, "Mwalimu, hii naona haitoshi."

Tukamjibu kwamba huenda kweli isitoshe. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaikunja akaitia katika mfuko wa shati. Mpaka tunapoandika haya, hakuna aliyetupigia simu.