Mafuta ya Wakatekumeni

Mama mmoja, mkatekumeni wa kijiji kilicho karibu na Lubumbashi, alimwuliza katekista wake siku ya mafundisho: «Mwalimu, mafuta nitakayopakwa kabla ya Ubatizo ni haya haya ya sokoni?» Wenzake wakacheka. Katekista hakucheka, kwa maana mama yule alikuwa muuza mawese, aliyezaliwa kaskazini penye michikichi, naye aliyajua mafuta kupita wote waliokuwa wameketi pale.

Basi alimweleza kwanza habari za mzeituni, mti ambao si wa misitu ya Katanga, bali wa nchi ya Bwana wetu Yesu Kristu na nchi nyingine zilizozunguka bahari ile. Tunda lake ni dogo, lenye kokwa ngumu, na likiliwa bichi ni chungu sana. Watu wanaotaka mafuta bora kabisa huchuma zeituni kwa mikono, zinapoanza kugeuka rangi kutoka kijani, wala hawangoji zianguke zenyewe. Tena hawazirundiki magunia kwa siku nyingi, kwa sababu tunda lililopondeka huanza kuoza ndani na kutia uchachu katika mafuta. Siku ile ile, au kesho yake, huzisaga pamoja na kokwa zake mpaka ziwe kama uji mzito. Uji huo hukorogwa polepole, kisha hukamuliwa bila kupashwa moto mkali; maji hutengwa, na mafuta hubaki. Mafuta ya namna hii, ambayo uchachu wake hauzidi sehemu 0.8 katika 100 na harufu yake haina dosari, ndiyo huitwa mafuta bikira ya daraja la kwanza. Zahitajika kilo 5 za zeituni, mara nyingi zaidi, ili kupata lita moja. Hata baada ya hayo yote, jua, hewa na joto huweza kuyaharibu. Kwa hiyo hufichwa gizani katika vyombo vilivyofunikwa vizuri.

«Hata kwetu ni hivyo,» akasema mama. «Chikichi zikilala sana chini ya mti, mawese yake hukwaruza koo.» Alisema kweli. Kwao chikichi huchemshwa na kutwangwa kinuni, na zeituni hazichemshwi. Lakini tunda lililocheleweshwa hutoa mafuta mabaya kwao na ng'ambo pia.

Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alimwagiza Musa kwamba Waisraeli walete mafuta safi ya zeituni zilizopondwa kwa ajili ya taa ya hema takatifu. Hakuomba mabaki. Kwa karne nyingi Kanisa nalo lilishika sharti kwamba mafuta matakatifu yawe ya zeituni tu, na kwa hiyo katika Katanga, tangu mji ulipoitwa Elisabethville (jina lililoachwa mwaka wa 1966), hayakuweza kutolewa miti ya hapa. Lakini tarehe 3 Desemba 1970, wakati wa Papa Paulo VI, Roma iliruhusu kwamba mahali ambapo zeituni ni shida kupatikana, mafuta mengine yaliyotoka katika mimea yaweza kutumika. Mawese basi hayakufungiwa mlango. Kila mwaka, karibu na Pasaka, askofu mkuu wa Lubumbashi, akiwa pamoja na mapadri wake, hubariki mafuta ya wakatekumeni na ya wagonjwa, na huiweka wakfu Krisma, ambayo peke yake huchanganywa na manukato.

Kwa nini mafuta, wala si maji tu? Zamani wapiga mieleka walijipaka mafuta mwilini ili adui akose mahali pa kushika. Ndivyo mkatekumeni apakwavyo, kwani ana mwovu wa kushindana naye kabla hajafika kisimani. Na Bwana mwenyewe, usiku wa kuamkia mateso yake, alisali Getsemane, jina ambalo maana yake ni shinikizo la mafuta. Mahali zeituni zilipopondwa, ndipo naye alipolemewa mpaka jasho lake likawa kama damu.

Hapo wote walinyamaza. Mama akauliza tena, kwa sauti ya chini: «Mwalimu, mafuta ya zamani yaliyochacha yakitiwa ndani ya mapya, yatakuwaje?»

«Mama, wewe wajua kuliko mimi.»

«Yote huharibika,» akajibu. «Ila mnunuzi hajui upesi, kwa sababu rangi hubaki nyekundu.»

Katekista hakumwuliza amejuaje. Alifunga mafundisho kwa sala, na watu wakarudi makwao.

Siku ya soko mama yule alionekana na madumu mawili, moja limetiwa alama ya mkaa. Lile la alama alilitenga kando, akaliuza kwa bei ndogo kwa mtu apikaye sabuni. Lile jingine halikujaa. Mteja wake wa siku nyingi akamwuliza: «Mama, mbona leo mafuta yako ni machache?»

Naye akamwambia sababu, pamoja na habari za majuma yaliyopita, akampimia chupa moja bila kupokea fedha.