Je, Vita Hutangua Ahadi ya Kuilinda Bahari?

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuulizwa swali hili: mtu akiwekeana ahadi na jirani yake, kisha jirani yule akageuka kuwa adui, je, ahadi ile ingali inamfunga? Wengi hujibu upesi kwamba haimfungi tena. Katika biashara jibu hilo lina haki yake, maana mnunuzi asiyelipa hawezi kudai mzigo. Lakini kabla hujalikubali kwa kila ahadi, tafadhali lifikiri jambo lililotokea katika Ghuba ya Uajemi.

Mwezi wa Aprili 1978 mataifa manane ya Ghuba hiyo yalikutana mjini Kuwait: Iran, Iraki, Kuwait, Saudia, Bahareni, Katari, Falme za Kiarabu na Omani. Yaliahidiana kuilinda bahari yao, na kusaidiana mafuta yakimwagika. Hata jina la bahari hiyo lilikuwa na ugomvi baina ya Waajemi na Waarabu. Basi mkataba ukaiita “Eneo la Bahari” tu. Wako waliocheka, lakini sisi twaona ilikuwa busara. Bahari yenyewe ina kina kidogo, mlango wake ni mwembamba, na miji mingi ya pwani yake hunywa maji yake baada ya kuondolewa chumvi.

Septemba 1980 Iraki iliivamia Iran. Februari 1983 meli iligonga jukwaa la kuchimbia mafuta huko Nowruz, upande wa Iran, na mafuta yakaanza kuvuja, yakikadiriwa kuwa mapipa 1,500 kila siku. Mwezi wa Machi Iraki ilishambulia majukwaa ya huko, na kisima kingine kikafumka. Mafundi hawakuweza kuvikaribia. Mataifa wenzao wa mkataba yaliomba mapigano yasimame kwa muda, ili visima vizibwe tu. Iran na Iraki hazikuafikiana. Kisima cha kwanza Wairani walikiziba Septemba 1983, na watu 11 walikufa katika kazi hiyo. Cha pili kilizibwa Mei 1985, nacho kiliwaua 9.

Mafuta hayo yalikwenda wapi? Mikondo ya Ghuba hushuka kusini kwa kuifuata pwani ya Waarabu. Basi yakaelekea kwa Saudia na Bahareni. Nguva na kasa wakaonekana wamekufa ufukoni. Nayo Saudia ndiyo iliyokuwa ikiisaidia Iraki kwa fedha! Pigo lililokusudiwa adui likamfikia rafiki, na mvuvi asiye na neno katika ugomvi ule.

Hapa ndipo lilipo jibu letu. Mataifa yale manane, yote ya Waislamu waliofundishwa haki ya jirani tangu utotoni, hayakuwa yameuziana kitu. Kila moja lilipokea amana kwa ajili ya wengine, nao ni wengi kuliko waliotia sahihi. Kosa la mwenzako huenda likakufungua katika deni lako kwake. Litakufunguaje katika deni lako kwa mtu wa tatu? Sheria za mataifa zenyewe zimelitambua jambo hili kwa sehemu. Mkataba wa Vienna wa 1969 huruhusu taifa kusimamisha mkataba uliovunjwa vibaya na mwenziwe, lakini huzuia kusimamisha vifungu vya kumlinda binadamu katika mikataba ya ubinadamu. Bahari haikutajwa humo. Kwa maoni yetu, mtu anywaye maji ya bahari angestahili ulinzi uo huo.

Utasema: sheria isiyo na askari ina faida gani wakati wa vita? Ni kweli kwamba haikuzuia mabomu. Lakini Iran na Iraki hazikujitoa katika mkataba, na mpaka leo zote mbili zimo.

Wala usidhani jambo hili ni la mbali. Juni 1985, mwezi mmoja tu baada ya kisima kile kuzibwa, mkataba wa namna hiyo ulifanywa Nairobi kwa ajili ya pwani yetu, nao ukaanza kutumika mwaka 1996. Kenya na Somalia zote mbili zimo. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ilitoa hukumu juu ya mpaka wao wa baharini, na Kenya ikaikataa. Mstari una ugomvi. Maji ya pande zake zote mbili yamo katika ahadi ya wote wawili.