Pikipiki Iliyotibiwa Hadi Ikaugua

Honda CG125 ilianza kuuzwa mwaka 1976, na tangu mwanzo ilikuwa pikipiki ya kazi. Silinda moja, cc 124, valvu zinazosukumwa na fito, mnyororo uliofunikwa ndani ya boksi ili vumbi na matope visiufikie. Walioibuni walijua inakwenda kwa watu wasio na nafasi ya kuifungua kila wiki. Viwanda vya China viliiga injini yake kwa wingi, ndiyo maana bodaboda nyingi zilizopita katika barabara zetu zina udugu nayo. Kisa cha mwalimu mmoja mstaafu wa pande za Njombe, basi, kinamhusu kila anayeendesha mashine ya kabureta, iwe kuukuu au ya juzi.

Mwalimu alikuwa ameiweka CG yake stoo msimu mzima wa mvua, tangi likiwa na mafuta. Alipoitoa ilikubali kuwaka, lakini kwa choki tu. Injini ikipata moto na choki ikirudishwa, haikai sailensi, inazima. Akitaka kuondoka, anavuta mafuta, pikipiki inashituka, inakabwa, inarudi nyuma kama inayotaka kufa, kisha ghafla inakubali na kukimbia. Mahali alipohangaika zaidi ni pale anapoingia barabara kuu ya Makambako kwenda Songea. Unaona lori liko mbali, unakadiria, unavuta mafuta, na pikipiki inasimama katikati ya lami huku ikikohoa. Watu hulichukulia tatizo la namna hii kama usumbufu. Mimi nalihesabu pamoja na breki mbovu, maana mwendesha pikipiki anaokolewa na mashine inayoondoka pale anapoiambia iondoke.

Alimpelekea kijana mwenye gereji karibu na soko. Akamweleza: "Mwanangu, mwanzo inanisumbua, lakini ikishachanganya inakwenda vizuri kabisa."

Jawabu lilikuwamo ndani ya sentensi hiyo, na hakuna aliyeisikia.

Kabureta ina njia kadhaa za mafuta, na kila njia ina zamu yake. Mkono wa mafuta ukiwa kati ya kufungwa na kufunguka karibu robo, injini inalishwa hasa na jeti ndogo, ile ya sailensi, pamoja na skrubu yake ya pembeni. Kuanzia hapo sindano inayopanda na kushuka inachukua kazi, na mkono unapokaribia kufunguka wote, jeti kubwa ndiyo mwenye neno. Kwa hiyo pikipiki inayokataa chini na kukubali juu inakuonyesha chumba chenye ugonjwa. Ringi zilizokwisha hazirudishi nguvu juu. Injini iliyolegea imelegea kote. Koili dhaifu kwa kawaida hujitangaza mzigo unapoongezeka, mlimani, na abiria nyuma. Jeti ya sailensi ndiyo inayotesa mwanzo na kuachia baadaye. Tundu lake halifiki hata nusu milimita, na petroli ikikaa miezi ndani ya bakuli la kabureta, sehemu nyepesi zinapaa na kuacha utomvu wa kahawia unaonata. Utomvu huo huziba kwanza pale palipo pembamba kuliko pote.

Kijana alibadilisha plagi. Simlaumu kwa hilo, plagi ni rahisi na ya zamani ilikuwa imechoka. Hali haikubadilika, akabadilisha koili. Hali ileile. Ndipo akafungua kabureta, akaiona jeti ya sailensi imeziba, na kwa muda mfupi alikuwa amesimama mlangoni kabisa mwa tatizo. Lakini akachukua unyuzi wa chuma kutoka waya wa klachi, akaipekecha jeti mpaka akaona mwanga. Jeti ni ya shaba nyeupe inayokwaruzika upesi, na namba iliyochongwa juu yake inataja upana wa tundu kwa vipimo vidogo mno. Chuma kikipita, namba inabaki ileile lakini tundu si lile tena. Jeti iliyoziba hulowekwa katika dawa ya kusafishia kabureta na kupulizwa kwa upepo wa kompresa. Ikigoma, uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unaweza kupita bila kuijeruhi.

Kosa la pili lilikuja wakati wa kufunga. Kabureta ya CG inashikwa na nati mbili kwenye kichwa cha injini, katikati pakiwa na kipande cheusi kigumu kinachozuia joto na mpira mwembamba wa duara. Kijana alikaza upande mmoja hadi mwisho, kisha wa pili, kwa nguvu zake zote, na akarudia hivyo kila alipoifungua tena. Uso wa kabureta ni wa metali laini. Ulipinda kidogo, jicho haliwezi kuona, lakini hewa ikapata mlango.

Sasa pikipiki ikabadilisha tabia. Ilikaa sailensi, ila sailensi yenyewe ilipanda na kushuka bila kuguswa, na mkono ukiachiwa injini ilibaki juu kwa muda kabla ya kutulia. Kukabwa wakati wa kuondoka kuliendelea. Kijana akakaza tapeti za valvu kwa kukisia, bila fila ya kupimia nafasi, akisema zinapiga kelele. Mwishowe akatoa hukumu ambayo wenye pikipiki kuukuu huiogopa: injini imekwisha. Silinda ikapelekwa kupanuliwa, pistoni mpya na ringi mpya zikaingia. Mwalimu alilipa. Akapanda, akavuta mafuta, ikakabwa vilevile.

"Mwalimu, hii sasa ni hewa ya huku juu," kijana akamwambia. "Mashine zote zinachoka."

Maelezo hayo yana sura ya ukweli, na ndiyo hatari yake. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000. Lakini mwinuko unapunguza hewa huku kabureta ikiendelea kumimina mafuta yaleyale, hivyo mchanganyiko unakuwa mzito. Pikipiki ya Mwalimu ilikuwa inaomba choki, na choki huongeza uzito wa mchanganyiko. Mashine iliyozidiwa mafuta haiwezi kuwa inaomba mengine.

Aliyeligundua hilo ni fundi mzee aliyekuwa amekwishaacha kazi, akipokea pikipiki za marafiki tu. Mwalimu alifika kwake jioni, wakasalimiana, akaanza kumwonyesha risiti.

"Iache hapa ilale," mzee akasema. "Kesho njoo asubuhi, ikiwa ya baridi."

Asubuhi alianza na tapeti, kwa sababu hupimwa injini ikiwa haijawashwa. Kwa CG nafasi ni milimita 0.08, valvu zote mbili, pistoni ikiwa juu kabisa katika mpigo wa kubana. Fila ya kipimo hicho ilikataa kupita upande wa eksozi. Valvu isiyo na nafasi haifungi sawasawa ikipata moto; ikiendelea hivyo inaungua, na kabla ya kuungua inaiba mbano hasa injini inapozunguka polepole. Akaziweka sawa.

Kisha akabandika kipande cha plasta kwenye mkono wa mafuta, akachora alama za robo, nusu na robo tatu, akaizungusha pikipiki uwanjani. Ubovu wote ulikaa chini ya robo. Akarudi, injini ikiwa ya moto, akavuta choki nusu. Ikatulia, ikaondoka bila kushituka. "Unaona, Mwalimu? Ina njaa. Ama mafuta hayaji, ama hewa inaingia pasipostahili."

Akachukua chupa ya kunyunyizia maji, akapuliza kidogo kwenye maungio ya kabureta na kichwa cha injini. Mlio ukabadilika papo hapo. (Wapo wanaofanya jaribio hili kwa kunyunyiza petroli juu ya injini ya moto. Asifanye mtu hivyo. Maji yanatosha, na maji hayachomi nyumba.) Hewa ya wizi inatesa mwanzo tu kwa sababu mkono ukiwa umefungwa injini inapumua kidogo huku ikinyonya kwa nguvu, hivyo hata ufa wa unywele unaleta sehemu kubwa ya hewa yote. Mkono ukifunguka, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haionekani.

Mzee akaifungua kabureta, akaweka rula ya chuma juu ya uso wake, akainyanyua kwenye mwanga. Mwanga ulipita katikati. Akatandika msasa laini juu ya kipande cha kioo, akausugua uso ule taratibu kwa mzunguko hadi ukagusa kote, akaosha vumbi lote, akaweka mpira mpya wa duara, akakaza nati kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule.

Sasa sikiliza kilichotokea, maana hapa ndipo mafundi wengi hukata tamaa. Pikipiki iliwaka, na ikawa mbaya zaidi. Sailensi haikupanda na kushuka tena, lakini ilikuwa nzito, inanuka petroli, moshi mweusi ukitoka. Plagi ilitoka na masizi. Mwalimu aliyeingia gharama yote ile hakuweza kujizuia.

"Mzee wangu, si umeiharibu?"

"Hapana, Mwalimu. Sasa ndiyo imeacha kutudanganya."

Jeti iliyopanuliwa ilikuwa inamwaga mafuta ya ziada, na ufa ulikuwa unaingiza hewa ya ziada. Makosa mawili yalifichana, si kwa usawa, lakini kiasi cha kuipa pikipiki uhai wa kuombaomba. Ufa ulipozibwa, kosa la jeti likabaki wazi. Fundi mwenye haraka angesema kuziba kulikuwa makosa, angelegeza nati, na pikipiki ingerudi kuonekana nafuu. Mzee alivuta choki: injini ikazima mara moja. Ushahidi ulikuwa umegeuka upande wa pili, naye akageuka nao. Akatafuta jeti mpya yenye namba ya asili, akaifunga, akarudisha skrubu ya pembeni mzunguko mmoja na nusu kutoka ilipokazika, kisha akaitafutia mahali injini inapozunguka vizuri zaidi. Skrubu hiyo nayo huwachanganya wengi: ikikaa upande wa chujio inatawala hewa, ukiikaza mchanganyiko unakuwa mzito, ikikaa upande wa injini inatawala mafuta, ukiikaza unakuwa mwepesi. Anayeizungusha bila kujua iko upande gani anabahatisha.

Pikipiki ikaondoka kwa robo ya mkono, bila choki.

Sitaki kumfanya yule kijana kuwa mwizi. Amekulia katika kazi ambayo mteja hulipia kifaa anachokiona mkononi. Ukimwambia mteja, "Nimetumia saa mbili kupima, sijabadilisha kitu, nilipe," wengi watacheka na kwenda gereji ya jirani. Basi kijana hubadilisha, kwa sababu kubadilisha ndiko kunakomlisha. Mwalimu alielewa hilo. Alimlipa mzee kwa asubuhi yote, na siku nyingine akampeleka kijana akaonyeshwe fila, rula na chupa ya maji. Siku hizi akijua hatapanda pikipiki kwa muda, anafunga bomba la mafuta na kulegeza skrubu ya chini ya bakuli mpaka petroli ikauke.

Kilichoshindikana kurudi ni chuma cha silinda. Kipenyo chake cha kiwandani ni milimita 56.5, na pistoni za ziada huja kwa hatua za robo milimita, hadi milimita moja. Mwenye mashine ya kupanulia alirukia hatua ya pili moja kwa moja, kwa sababu pistoni hiyo ndiyo iliyokuwa dukani. Silinda ya zamani ilikuwa bado haijafika hata ya kwanza. Injini ambayo ilikuwa na hatua nne za maisha mbele yake imebakiwa na mbili, na mbili nyingine zilitumika kutafuta uchafu uliokuwa ndani ya tundu la jeti.