Uzuri wa Uso na Hesabu ya Miaka



Tangu mwanzo wa miaka ya 1990 waganga wa upasuaji wana njia mpya ya kuinua nyusi zilizoshuka kwa uzee. Zamani walikata ngozi ya kichwa toka sikio hata sikio. Siku hizi hukata mahali pachache tu, padogo, ndani ya nywele. Huingiza darubini nyembamba, hubandua utando ulioshika mfupa wa paji la uso, huidhoofisha misuli inayokunja uso, kisha huvuta ngozi juu na kuifunga kwa nyuzi au skurubu ndogo. Mara nyingi mtu hurudi nyumbani siku ile ile.

Je, ni dhambi? Tusiwe wepesi wa kuhukumu. Tarehe 4 Oktoba 1958, siku tano kabla ya kufa kwake, Baba Mtakatifu Pio XII alisema na waganga wa Italia wa kazi hiyo. Aliwafundisha kwamba uzuri wa mwili ni jema litokalo kwa Mungu, ila si jema lililo kuu. Kwamba upasuaji wa namna hii waweza kuwa halali, nia ikiwa safi na sababu ikilingana na hatari zake. Bali ni haramu ukitafutwa ili kuwatia wengine tamaa, au ili mhalifu aikimbie sheria. Basi mtu ambaye nyusi zimemwangukia hata haoni vema, au aliyepooza upande mmoja wa uso, asione haya kutafuta msaada.

Lakini tupime matokeo kwa miaka, si kwa majuma. Wengi hukaa na nyusi zilizoinuka kwa muda mrefu; hata hivyo uzee hausimami. Ngozi huzidi kulegea, na nyusi, hasa pembeni, huweza kushuka tena. Wengine hupatwa na ganzi kichwani, au nywele hunyonyoka penye kovu, au nyusi hupanda kupita kiasi, uso ukawa kama wa mtu aliyeshtuka daima. Ujana ni moshi, ukienda haurudi.

Hapo ndipo ilipo hatari ya roho. Hofu ya uzee haikatwi kwa kisu. Miaka ikipita, itamrudisha mtu mlangoni pa mganga, na fedha ya watoto itakwenda naye. Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujaenda, jiulize: ni nani aliyekuambia kwamba uso huu haufai? Kama ni mume amdharauye mkewe kwa kuwa amezeeka akiwalea wanawe, basi mwenye kuhitaji dawa ni mume, wala dawa yake haimo katika paji la uso wa mke. Na wewe mume, yatazame makunyanzi hayo: mangapi yametokana na usiku aliokesha kwa ajili ya nyumba yako?

Bwana wetu Yezu Kristu alikubali paji lake lichomwe miiba kwa ajili yetu. Mbele yake hatutaulizwa nyusi zetu zilisimama wapi, bali tulimpenda nani.