Nyeupe au Kijani

Wajukuu zangu, nasikia mmenuniana juu ya rangi ya sebule kabla hata ya kuhamia. Mke anataka nyeupe. Mume anataka kijani kizito kama jiwe la malakiti. Wote mmechagulia dukani, chini ya taa kali, mkitazama kikaratasi kisichozidi kidole gumba. Sebule yenyewe iko Katuba, hapa Lubumbashi, ina dirisha moja, na umeme mnajua unavyokatika.

Kijani kile humeza mwanga. Jua likizama tu, mtakuwa mnapapasa viti. Nyeupe huurudisha, hata kwa mshumaa mmoja mtaonana nyuso. Mke ameshinda hapo, lakini asicheke bado. Mvua zikikoma, mwezi wa tano hivi, vumbi jekundu la Lubumbashi huingia bila hodi. Mimi nilipooa nilipaka sebule nzima nyeupe, rangi ya maji. Kufika mwezi wa nane, nyuma ya kila kiti pana doa la mgongo, na chini ya swichi vidole vya watoto. Bibi yenu akafuta kwa kitambaa cha sabuni. Vumbi likatoka, na rangi ikatoka nalo.

Basi pakeni zote mbili. Kijani cha mafuta kianzie sakafuni hadi kupita migongo ya viti, mita moja na kidogo. Juu yake nyeupe mpaka darini. Mtasema inafanana na hospitali. Ndiyo, maana na hospitali hufuta kuta. Nendeni Makwacha, hapo nje ya mji, muone wanawake wanavyozipamba kuta kwa udongo wa rangi. Hawaogopi kulaza rangi mbili ubavu kwa ubavu.

Ile picha yangu ya mamba muntu, mwanamke nusu samaki, niliyoinunua miaka ya 1970 wakati kila sebule ilitaka yake, nawapa. Itundikwe kwenye nyeupe. Kwenye kijani, yule mama na maji yake ya buluu watazama.

Kwanza jaribuni kipande cha kila rangi, kikauke, mkitazame asubuhi, adhuhuri, na usiku umeme ukikatika. Ila si sasa. Plasta yenu ina wiki mbili tu. Ukiifunika kwa rangi ya mafuta ikiwa mbichi, maji ya ndani yatafanya rangi itoke malengelenge. Ngojeni itimize mwezi, kisha mniite. Brashi ninazo.