Mapigo ya Moyo na Ushuhuda wa Uponyaji

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, na kwa siku nzima hufikisha mapigo kama 100,000. Kila pigo huanzia kwenye chembe chache zilizo sehemu ya juu ya chumba cha moyo cha upande wa kulia, zinazotoa umeme hafifu kwa mpangilio. Mpangilio huo ukivurugika, vyumba vya juu vya moyo hupapatika badala ya kujikunja. Damu huzubaa humo na kuganda, na bonge likichomoka likafika kwenye ubongo, mtu hupata kiharusi. Hatari ya kiharusi kwa mwenye maradhi haya ni karibu mara tano ya ile ya mwenzake asiye nayo. Nchini Kenya wazee huyapata zaidi kwa sababu ya presha. Wapo pia vijana ambao koo liliwauma utotoni, halikutibiwa vizuri, na miaka mingi baadaye vali ya moyo ikakutwa imekakamaa.

Ugumu wa maradhi haya ni kwamba huja na kwenda. Mtu husikia moyo ukienda mbio jioni moja, kisha wiki tatu asisikie chochote. Mara nyingine moyo hupapatika kwa saa kadhaa na mwenyewe hana habari, anaendelea kupima unga dukani au kuchunga ng'ombe. Kutosikia kitu, basi, si dalili ya kupona. Hapo ndipo swali la kitabibu linapogeuka kuwa la imani: nani shahidi wa kuaminika wa kilichotokea ndani ya kifua?

Kitengela, mji uliokua kwa kasi kando ya barabara ya Namanga katika Kaunti ya Kajiado, hauna mtaa usio na kanisa, na katika mengi ya makanisa hayo ibada ya Jumapili ina wakati wa ushuhuda. Aliyeombewa moyo husimama akasema umetulia. Hasemi uongo, kwa kuwa anasema anachokisikia. Hatari inakuja kesho yake, anapoweka kando warfarini, dawa inayozuia damu kuganda na inayopunguza kiharusi kwa karibu thuluthi mbili. Nguvu ya dawa hiyo huisha mwilini baada ya siku chache tu. Ni dawa yenye masharti: damu ipimwe mara kwa mara, sukuma wiki iliwe kwa kiasi kisichobadilika sana, na supu ya miti shamba isinywewe bila daktari kujua. Anayeishi mbali kama Magadi au Loitoktok hulipia masharti hayo kwa nauli na kwa siku nzima ya kazi. Mtu aliyechoka namna hiyo ana kila sababu ya kutamani kusikia kwamba amepona, na anayemhubiria anapaswa kulijua hilo kabla ya kutamka neno.

Shahidi mwingine ni mashine. Kupima moyo kwa muda mrefu kulianza na Norman Holter, Mmarekani wa jimbo la Montana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 mtambo wake wa redio ulibebwa mgongoni ukiwa na uzito wa kilo 38 hivi. Siku hizi kifaa hicho hutoshea kiganjani. Vibandiko huwekwa kifuani, nyaya hupita chini ya shuka au ovaroli, na mgonjwa hukaa navyo saa 24 au 48 bila kuoga, akiandika kwenye karatasi saa aliyopanda ngazi, saa aliyolala, saa aliyosikia moyo ukiruka. Jasho la mchana likilegeza kibandiko, sehemu hiyo ya kumbukumbu hupotea. Hata kumbukumbu ikiwa kamili, siku moja iliyo shwari haithibitishi mengi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2014 ulifuatilia watu waliopata kiharusi kisichojulikana chanzo. Katika miezi 6, kifaa kidogo kilichopachikwa chini ya ngozi kiligundua kupapatika kwa moyo kwa asilimia 8.9 ya waliokuwa nacho, ilhali ufuatiliaji wa kawaida uligundua kwa asilimia 1.4 tu. Mashine nayo, basi, hushuhudia kwa kadiri ya muda iliopewa.

Wapo waumini wanaoona kwamba kurudi kupimwa baada ya maombi ni kumtilia Mungu shaka. Maandiko yao wenyewe hayawaungi mkono. Katika sheria ya Musa, aliyepona ukoma hakujitangaza mwenyewe. Kuhani alimkagua, na hata baada ya hapo alisubiri siku saba nje ya hema yake. Yesu naye aliwatuma wale wakoma kumi wakajionyeshe kwa makuhani, na njiani wakapona. Ukaguzi haukuupunguza muujiza hata kidogo. Kinachokatazwa ni kumjaribu Mungu, na mfano wake ni ule wa kinara cha hekalu, ambapo Yesu alikataa kujirusha ili malaika wamdake. Mgonjwa anayeacha dawa ili Mungu athibitishe uponyaji wake amesimama kwenye kinara hichohicho.

Waislamu hufundishwa jambo lilelile kwa hadithi ya ngamia: Mtume alimwambia mwenye mnyama amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Wafugaji wa Kitengela, wanaopakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, wana mfano wa karibu zaidi. Richard Turere, mwana wa wafugaji hao, akiwa bado mtoto alitambua kwamba simba huogopa mwanga unaosogea. Kwa betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, balbu za tochi na kidude cha indiketa ya pikipiki, akatengeneza taa za kumulika kwa zamu kuzunguka boma la ng'ombe usiku kucha. Ng'ombe kwa Wamaasai ni zawadi ya Enkai, yaani Mungu, na kumwekea taa mnyama uliyepewa ni njia ya kuithamini zawadi.

Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, aliutenganisha moyo wa nyama, ambao hata mnyama anao, na moyo wa kiroho unaomjua Mungu. Kifaa hupima ule wa kwanza tu. Anayetazama saa ya mkononi inayopima mapigo kila dakika chache akitafuta amani anakidai kifaa kitu ambacho hakina, na hofu yake mara nyingi huuharakisha moyo uleule anaouchunga. Kwake mchungaji au imamu ana kazi ambayo daktari hawezi kuifanya.

Kuhusu dawa, uamuzi wa madaktari hautegemei utulivu wa mapigo peke yake. Hata mtu aliyetibiwa kwa kuunguzwa njia mbovu za umeme moyoni, na kipimo kikaonyesha mpigo ulionyooka, huendelea na dawa ya damu ikiwa umri wake, presha, kisukari au kiharusi cha zamani bado vinamweka hatarini. Hakuna kinachomzuia mtu kama huyo kutoa shukrani zake mbele ya kanisa Jumapili asubuhi na kumeza kidonge chake jioni.